Isaac Shivachi, Mtunza Nyimbo Asiyejua Kuimba (1990–2025)

Mchungaji, jamaa, majirani wa Kisumu Ndogo na wa Kawangware, nanyi wenzetu wa Soko la Toi mliofunga vibanda leo, haya ni maisha ya Isaac Shivachi, yameandikwa na mama yake, Phanice Kavetsa, na yanasomwa na Trizah, binti wa shangazi yake, na yeyote atakayefika mahali asipoelewa ajue kwamba hata aliyeandika hakupaelewa, ameandika aliyoyaona na aliyoambiwa, basi.

Isaac alizaliwa tarehe 17 Agosti 1990, huko Shinyalu, Kakamega, akiwa kifungua mimba na kitinda mimba kwa pamoja wa marehemu Josphat Shivachi, fundi seremala, na mkewe Phanice, kwa maana hakupata ndugu mwingine. Mwaka wa 1993 wazazi wake walimleta Nairobi, wakakaa Silanga, upande wa bwawa, ambako baba yake alitengeneza vitanda na viti, kisha mwaka wa 1998 wakahamia hapa Kisumu Ndogo, mahali ambapo mama yake angali anaishi. Baba yake aliaga dunia tarehe 4 Julai 2003, na siku ya kumsindikiza, randa yake na msumeno wake viliwekwa mezani kando ya jeneza, kwa kuwa hiyo ndiyo desturi ya boma la kina Shivachi, mwanamume husindikizwa na vyombo vya kazi yake ili watu waone alikula kwa jasho la nini. Tafadhali mkumbuke desturi hiyo, kwa sababu tutairudia, na ndiyo imetufikisha hapa tulipo leo.

Alisoma katika Shule ya Msingi ya Mwangaza, Silanga, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 2004, akapelekwa nyumbani Kakamega kujiunga na Shule ya Upili ya Shivakala mwaka wa 2005, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 2008. Hakuwa wa kwanza darasani na hakuwa wa mwisho, walimu walimsifu kwa utulivu na wakamlaumu kwa kufungua redio ya mwalimu mkuu bila ruhusa, ingawa alipoifunga ilikuwa inashika stesheni zaidi. Mwaka wa 2010 alipata cheti cha mambo ya kompyuta katika chuo kidogo cha pale Kawangware.

Aliporudi kutoka shule alijiunga na kwaya ya kanisa hili, na hapa hatutaficha kitu kwa sababu wanakwaya wenzake wamekaa pale mbele na wanajua, Isaac hakuweza kuimba, sauti yake ilipanda mahali wimbo unashuka na ikashuka mahali wengine wanapumua. Mwalimu Nasike, anayefundisha kwaya mpaka leo, alimvumilia kwa muda, kisha siku moja baada ya mazoezi akamwambia mbele ya wote, "Isaac, baba, tunakupenda sana, lakini wewe shika karatasi tu, kuimba utuachie," watu wakacheka, naye akacheka kuliko wote, na kuanzia siku hiyo akashika karatasi. Zilikuwa karatasi za nyimbo zilizoandikwa kwa solfa, yaani zile herufi za do, re, mi zinazomwonyesha kila mwimbaji apandishe wapi na ashushe wapi, soprano mstari wao, alto wao, teno wao na besi wao, nyingine zilitungwa na wazee wa kanisa hili na hazikuwa mahali pengine popote duniani, na Isaac alizipanga zote katika sanduku la bati, akaliweka chini ya kitanda cha mama yake.

Tarehe 19 Januari 2012 moto ulianza nyumba ya tatu kutoka kwa mama yake ukala mstari mzima, mama yake akaokoa godoro, sufuria mbili na vyeti, na Isaac alipofika akikimbia kutoka Kawangware, swali lake la kwanza lilikuwa, "Sanduku liko wapi?", naye mama akamjibu, "Mimi ndiye niko hapa, sanduku uliza moto." Kwaya ilikaa miezi ikijaribu kukumbuka zile nyimbo, soprano walikumbuka karibu zote, alto walibishana, na kuna wimbo mmoja wa mazishi ambao besi yake hakuna aliyeikumbuka, kwa sababu Mzee Muchanga aliyekuwa akiiongoza alikuwa amestaafu na kurudi kwao Malava, basi wimbo huo ukaimbwa kwa sauti tatu, kama kigoda kilichokatika mguu, hadi watu wakauzoea hivyo. Isaac hakuuzoea. Mama yake aliona kwamba tangu siku hiyo kijana huyu hakuamini tena kitu kilichokaa mahali pamoja, hata ufunguo wa nyumba aliuchongesha mara tatu na kuusambaza kwa watu, na mama akamwambia kwamba mwizi sasa hatahitaji kuvunja mlango, ataomba tu kwa jirani.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika duka la mtandao la Bwana Githinji, Kawangware, kuanzia mwaka wa 2010, na Agosti 2014 akafungua kibanda chake mwenyewe Soko la Toi, mkabala na mahali mama yake anapouzia mapazia ya mitumba, akirekebisha kompyuta na simu. Wateja wake wako hapa na watashuhudia kwamba hakumdanganya mtu, kitu kikishindikana alisema kimeshindikana, na kompyuta kuukuu ambazo wenyewe walizitupa alizikusanya akaziita wazee, akisema mzee hatupwi, anatafutiwa kazi nyepesi.

Alifunga ndoa na Waruguru, binti wa Mzee Kagiri wa Kawangware, tarehe 5 Desemba 2015, katika kanisa hili, baada ya Waruguru kuja mara nyingi kwa Githinji kuchapisha karatasi ambazo, tulikuja kujua baadaye, hakuwa na haja nazo. Walikaa katika ploti ya baba mkwe, jambo ambalo vijana wa huku Kisumu Ndogo hawakumwachia, kila akipita walimwita, "Niaje bibi harusi, umeolewa poa?", naye akajibu, "Poa mashemeji, na huko nilikoolewa stima haipotei," na kweli hiyo stima ilikuwa na maana kwake kuliko walivyodhani. Mungu aliwajalia watoto wawili, Jackie Kavetsa, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 2016 na kupewa jina la nyanya yake, na Josphat, aliyezaliwa tarehe 21 Oktoba 2020 na kupewa jina la babu yake, kwa kuwa katika hilo Waluhya na Wakikuyu hawakuwa na la kubishania.

Sasa tunafika kwenye ile kazi yake nyingine, ambayo hata mkewe alikuwa haelezi vizuri watu wakimuuliza.

Mwaka wa 2017 Isaac aliingia katika kikundi kinachoitwa Sauti Nne, kilichoanzishwa na Mwalimu Muia, mwalimu wa kwaya kutoka Machakos, pamoja na watu wengine wa Ghana, Fiji na nchi ambazo mama yake hajazishika majina, ambako pia makanisa huimba kwa solfa. Walitengeneza programu ya kompyuta ya kuandikia nyimbo za solfa na kuzihifadhi, kwaya yoyote ingeweza kuweka wimbo wake na kwaya nyingine ikauchukua na kuuchapisha, bure, na programu hiyo ilikuwa ya wazi, programu huria, maana yake, kama Isaac alivyoeleza, haina mwenyewe, kila mtu anaruhusiwa kuitumia na kuitengeneza. Mama akamuuliza, kama haina mwenyewe, ni nani anaitunza, na Isaac akasema, "Ndio hiyo sasa, mathe," akacheka, akaendelea kula.

Nyimbo zote ziliwekwa katika kompyuta kubwa iliyoko ng'ambo, wanaiita seva, na kazi aliyojitolea Isaac ilikuwa kuchukua kila kitu kilichoingia kwenye seva ile na kukiweka tena katika mashine yake mwenyewe, Kawangware, ili ile ya ng'ambo ikiharibika pawe na nyingine. Hakuna mshahara aliopewa, hakuna mtu wa kikundi hicho aliyewahi kuonana naye uso kwa uso, na mama yake, ambaye ni mfanyabiashara na hupenda kujua kazi inazaa nini, alimkalisha siku moja pale Toi wakati wateja wamepungua.

"Kwa hivyo kazi yako ni gani hasa?"

"Kuweka nakala."

"Na ni nani ameiomba hiyo nakala?"

"Bado hakuna."

"Ataiomba lini?"

"Mathe, si tunaomba asiwahi kuiomba."

"Sasa akikosa kuiomba?"

"Basi nitakuwa nimefanya kazi poa."

Mama alirudi kwenye mapazia yake akiwa hajui kama mwanawe anamtania, na kusema kweli mpaka anaandika haya hajapata jibu, kwa sababu anajua askari wa usiku hulinda mali ambayo kesho yake inauzwa, lakini huyu alilinda kivuli cha mali ya watu wengine, na furaha yake yote ilikuwa kwamba hakuna anayekiulizia.

Mwezi wa Aprili 2021 alileta mashine ya pili huku Kisumu Ndogo, mmoja wa wale wazee wake, sanduku la rangi ya kijivu lenye taa ya kijani mbele, akaliweka pembeni ya kabati ya mama, akaliunganisha na betri ya gari ili stima ikipotea lisizimike, na mama alipouliza hii nayo ni ya nini akasema, "Ni nakala ya nakala." Mama akamwambia nyumba ni ndogo. Akasema kitu kikikaa Kawangware peke yake ni kama kile kilichokaa chini ya kitanda, akaomba jambo moja tu, "Usiizime, na usiisogeze, diski yake ni kuukuu sana, ikilala inaweza isiamke." Mama aliitandikia kitambaa cha kufuma kama anavyovitandikia vitu vyote vya nyumbani, akaweka thamosi ya chai juu yake, na Isaac alipoiona hivyo alishika kichwa, akaiondoa thamosi, mama akairudisha, mwishowe wakakubaliana ikae upande mmoja pasipo na matundu ya hewa. Kila Jumamosi jioni, akishafunga kibanda, alipita na kidude chake mfukoni, akaliongezea lile sanduku nyimbo za wiki hiyo, akanywa chai, akaenda kwake. Wajukuu waliliita ile ya thamosi, na mama pia aliishia kuliita hivyo.

Ugonjwa wake ulianza Novemba 2023, miguu ikavimba, madaktari wakasema ni presha iliyofika kwenye figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, hakulalamika sana, alisema tu kwamba sasa naye amekuwa mzee wa kutafutiwa kazi nyepesi. Jumamosi tarehe 22 Februari 2025 alipita kwa mama kama kawaida, akafanya shughuli yake, akanywa nusu kikombe. Jumatatu tarehe 24 alilazwa, hali ikabadilika haraka, hakuongea tena vizuri, simu yake ikawekwa kwenye mkoba wa Waruguru ikiwa imezimika, na alituacha Jumapili tarehe 9 Machi 2025, asubuhi, mkewe na mama yake wakiwa naye.

Kawaida historia ya marehemu hukomea hapo, lakini kuna mambo ya wiki hii ambayo ni ya maisha yake, na yasiposemwa mtashindwa kuelewa kile mnachokiona mezani na kwa nini mama yake anaacha nyumba yake jinsi anavyoiacha.

Jumatatu, vijana wa ploti walitoa vitu vyote nje ya nyumba ya Kawangware ili waombolezaji wapate pa kukaa, kama inavyofanywa kila mahali, na mashine ya Isaac ikachomolewa, kwa sababu soketi ilitakiwa kwa spika ya nyimbo. Baba yake mdogo, Wanzala, alipofika kutoka Shinyalu aliiona imewekwa sakafuni barazani, akasema hicho ndicho chombo cha kazi cha mwana wa ndugu yake, hakiwezi kukaa chini kama jiko, akaibeba mwenyewe, akaiweka juu ya meza chini ya hema pamoja na picha ya marehemu na maua, na hakuna aliyeona kosa, kwa kuwa Wanzala alifanya kwa Isaac kile kile alichofanya kwa randa na msumeno wa kaka yake. Jumanne mvua ilinyesha. Hema lilikusanya maji katikati likainama upande wa meza, Wanzala akaikausha mashine kwa taulo, akaipaka mafuta kidogo ing'ae, maana ni mtu wa kuheshimu vyombo.

Jumatano alasiri alikuja mtu mmoja mwembamba mwenye begi mgongoni, hakusalimia, hakuuliza mjane ni yupi, alisema tu, "Kompyuta ya Isaac iko wapi?", na Mzee Kagiri, ambaye ameshaona matanga mengi na watu wanaokuja kudai vitu vya marehemu kabla hajazikwa, akasimama na bakora yake akamwambia, "Wewe kijana, hata pole hujasema unaulizia vitu? Toka kwa hiyo geti yangu." Yule mtu akasema, "Pole mzee, pole sana, mimi ni Muia wa Machakos," akaanza kueleza kwa haraka, na mama yake Isaac, akiwa ameketi pale na uchovu wa siku tatu, alilazimika kumwambia aanze upya polepole.

Alieleza kwamba Ijumaa tarehe 28 Februari, Isaac akiwa kitandani hospitalini na hakuna aliyejua, mwenzao mmoja wa ng'ambo alikuwa akiisafisha seva akafuta asichokusudia kufuta, nyimbo zote zikaenda, za makanisa ya Kenya, za Ghana, za Fiji, za miaka yote. Palikuwa na nakala nyingine katika nchi nyingine, ilipofunguliwa wakakuta kwamba kwa zaidi ya mwaka imekuwa ikijinakili tupu, hakuna aliyewahi kuichungulia, na kwa hivyo iliyobaki duniani ilikuwa ya Isaac peke yake. Walimwandikia na kumpigia simu siku kumi bila jibu, wakadhani amewakasirikia, mpaka tangazo la kifo lilipozunguka katika makundi ya kwaya na Muia akaona picha, na hivyo ndivyo alivyoiona sura ya Isaac kwa mara ya kwanza, juu ya maneno ya kuomba rambirambi.

Kisha akaiona mashine chini ya hema, inang'aa, na kishada cha maua juu yake, akauliza kwa sauti ndogo, "Hii imenyeshewa?"

Wanzala akasema, "Kidogo tu, mwalimu, tumeifuta yote."

Muia aliifungua, maji yakamwagika mezani, akaikausha, akaitoa diski yake akaiunganisha na kompyuta aliyobeba, ikawa inagonga tu ndani kama mtu aliyefungiwa, haikusema kitu kingine. Akaketi chini, kwenye matope, akalia. Mama wa Isaac alimtazama mwanamume mzima akililia kompyuta kuliko yeye mwenyewe alivyokuwa amemlilia mwanawe, hakujua kama amkasirikie au amhurumie, akampa chai, na ni katika kummiminia chai ndipo alipokumbuka akasema, "Lakini si kuna ile ya thamosi?"

Walifika Kisumu Ndogo kabla ya jioni, Muia, Waruguru na mama. Taa ya kijani ilikuwa inawaka. Muia aliondoa kitambaa cha kufuma, akakikunja vizuri, akaweka sikio kwenye lile sanduku kama daktari, akasikiliza jinsi linavyokoroma, akageuka akasema, "Mama, ni yenyewe, lakini imechoka, tusiiguse, tusiihamishe, tutachota nyimbo zake polepole hapa hapa, kidogo kidogo, ikipumzika na sisi tunapumzika," na mama alipouliza itachukua muda gani alisema, "Mpaka Jumapili, ikikubali."

Jumapili, na sisi tunaondoka leo Ijumaa na mwili, kwenda kumzika kesho.

Jana familia ilikaa. Wanzala alisema jambo lake bila kuficha, na mama ameandika alivyosema, kwa kuwa lilikuwa la haki, "Shemeji, tutafika vipi Shinyalu na mashine iliyokufa? Watu watasema kijana wetu alifanya kazi na kitu kibovu. Kuna nyingine nzima kwako, ilete hiyo imsindikize."

Mama akamwambia, "Watu wakiuliza, waambie imenyeshewa."

"Desturi ni chombo kizima, Phanice. Randa ya Josphat ilikuwa kali."

"Randa ya Josphat ilikuwa imemaliza kazi. Hii iko kazini, Wanzala. Josphat angekuwa katikati ya mbao ungemnyang'anya randa?"

Wanzala akasugua paji la uso wake, naye ameketi pale leo na hana kinyongo, mama ameomba hilo lisomwe. Wanawake wa jumuiya nao walimvuta kando wakamwambia kwamba nyumba ya matanga haiachiwi mgeni, sote tukipanda basi itabaki na mtu asiyejulikana kwao wala kabila lake, na vitu vya ndani, na je akifunga akaondoka? Mama alisikiliza, na hakuwalaumu, kwa sababu waliyosema ni yale yale ambayo yeye mwenyewe angemwambia mtu mwingine. Anamjua Muia tangu juzi tu. Hajui kama sanduku lile kuukuu litafika Jumapili. Hajui kama nyimbo zikitoka zitamsaidia nani, wala kwa nini mwanawe mwenye mke, watoto na figo mbovu alichagua kuchoka kwa ajili ya watu wa Fiji. Amelifikiria hilo kila upande na halina mlango. Analojua ni moja, kwamba Isaac akiwa mzima alimwomba jambo moja tu, asiizime na asiisogeze, na kuaga dunia kwake hakujabadilisha ombi.

Jana jioni alimpa Muia ufunguo wa nyumba, mmoja wa zile alizochongesha Isaac, akamwonyesha unga ulipo na jinsi mlango unavyokwama, akamwambia, "Ukichoka kunywa chai, thamosi usiiweke juu yake." Muia hayuko hapa kanisani, mliouliza yule wa Machakos yuko wapi, yuko nyumbani kwa mama anachota, na wakati haya yanasomwa hatujui amefika wapi.

Kile kilichoko mezani kando ya jeneza, basi, ni mashine ya Kawangware, iliyonyeshewa, na itamsindikiza Isaac hadi Shinyalu kama desturi inavyotaka.

Ila asubuhi hii, kabla hatujatoka nyumbani, Muia alimpa Mwalimu Nasike karatasi moja, akisema ni ya kwanza kabisa kutoka, ameichapisha pale kwa jirani ili aone kama herufi ni nzima. Ni ule wimbo wa mazishi uliobaki na sauti tatu tangu moto. Sauti ziko nne. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, Isaac ameandika, "Besi kama alivyoiimba Mzee Muchanga, Malava, Agosti 2018," na hapo ndipo mama yake alipojua kwamba ile safari ya Agosti, aliyoambiwa ni ya kununua vipuri, haikuwa ya vipuri. Mama amegeuza karatasi hiyo juu chini, yeye solfa haisomi, ameona herufi zisizofanya neno, na besi walimwomba waende nayo nyuma ya kanisa kujifunza. Wataiimba baada ya kusoma huku. Wamesema tuwavumilie wakikosea.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Isaac kwa mwaka mmoja na zaidi, walifanya waliloweza na walituambia ukweli. Tunamshukuru Mzee Kagiri na familia yake kwa kumpa kijana wetu pa kuishi na kumlilia kama wao, Bwana Githinji aliyempa kazi akiwa hana uzoefu, majirani wa Kisumu Ndogo waliobeba maji na kupika, vijana wa Kawangware waliobeba viti, na tafadhali wasijisumbue na habari za soketi, hawakujua, wala sisi hatukujua. Tunawashukuru wenzake wa Toi, Mchungaji, Mwalimu Nasike na kwaya. Tunawashukuru pia wenzake wa Sauti Nne, walioandika pole kutoka nchi ambazo Isaac hakuzifika, mama yake amesomewa zote na Waruguru, nyingine hazikueleweka lugha lakini zilikuwa ndefu, naye anawajibu kwamba amepokea.

Ameacha mama, mjane, watoto wawili, na wazee wake kadhaa pale kibandani ambao bado hatujajua tufanye nao nini.

Pumzika kwa amani, Isaac. Tumeiacha ikiwaka.